Uzi wa Kariakoo, sufu ya Karume

Anayefuata uzi Dar es Salaam asiulize duka la uzi liko wapi. Akiuliza hivyo Kariakoo ataoneshwa nyuzi za cherehani, ukuta mzima wa vikoni vidogo vya kila rangi, na ataondoka akiamini jiji zima halina uzi wa kufumia. Uzi upo, tena mwingi, ila haukai pamoja. Umegawanyika kwa kufuata kazi. Wa masweta ya shule uko kwa watu wa masweta ya shule, wa vitambaa vya makochi uko kwa wauza lesi na vifungo, wa kusukia uko kwa wauza rasta, na ule bora kuliko yote, sufu yenyewe ya manyoya ya kondoo, uko mahali ambapo muuzaji hana habari kuwa anauza uzi. Kwa hiyo taja kazi kwanza: "Uzi wa masweta wanauza wapi?" Hapo hata muuza maji anakuelekeza bila kufikiri.

Mimi nafuma kwa mkono: kofia, soksi na shali za watoto wachanga, na mara mojamoja mkoba wa binti wa chuo aliyeuona wa mwenzake Instagram. Wifi yangu anafuma masweta ya shule kwa mashine, ile ndefu ya mezani yenye kigari unachokisukuma kulia na kushoto mpaka bega likuume. Tunaishi Morogoro, mji kasoro bahari, na kasoro maduka ya jumla pia. Si kwamba uzi haupo kabisa. Upo, lakini mwenye duka naye kautoa Kariakoo, kaongeza nauli yake, na kaleta rangi zile tu anazojua zitatoka: nyeupe, pinki, bluu ya mtoto. Ukitaka haradali au kijani cha jani la mgomba, anakuahidi wiki ijayo, tena kwa uso mkunjufu kabisa.

Zamani safari hii ilikuwa ya kujiandaa. Basi la alfajiri kutoka Msamvu, foleni ya Kibaha, halafu tangu stendi ihamie Mbezi Luis mwaka 2021, unashuka ukiwa bado mbali na mjini na unaanza safari ya pili ya daladala au mwendokasi. SGR, treni ya umeme, imelimaliza hilo. Ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro, Juni 2024, nauli ya treni ya kawaida ilikuwa shilingi 13,000, na wengi tulinung'unika kwamba basi ni rahisi zaidi. Kwa mtu anayekwenda kununua na kurudi siku hiyohiyo hesabu ni nyingine. Chini ya saa mbili uko Stesheni ya Magufuli, unakatiza Gerezani kwa miguu, na maduka ndiyo kwanza yanapandisha mageti. Kariakoo ya saa hiyo ndiyo ya kununulia. Muuzaji hajachoka, hajakasirishwa na mtu, na anaamini mteja wa kwanza asipoondoka na kitu siku nzima itakuwa mbaya. Mwamini katika imani yake hiyo, ukapatane bei.

Tulianza na koni za wifi. Duka liko ghorofani, kwenye mojawapo ya yale majengo ambayo chini ni viatu, juu yake ni mabegi, na juu zaidi ni mzee mmoja na feni yake. Ngazi ni nyembamba, na wapagazi wanashuka na mizigo mabegani bila kusimama, ukisikia "Miguu hiyo!" unajibana ukutani, ukiwa na adabu zako au bila. Koni zimepangwa mpaka darini na zinauzwa kwa kilo. Karibu zote ni akriliki, uzi wa kutengenezwa kwa kemikali, na karibu zote ni rangi za sare: bluu ya giza, kijani cha chupa, damu ya mzee, kijivu. Ukiangalia ukuta ule ni dhahiri kuwa biashara nzima ya mzee huyu inasimama kwa sababu shule hufunguliwa Januari na mikono ya watoto hurefuka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Bluu imefika."

Wifi hatoi maneno mengi. Anatoa kwenye pochi bahasha yenye vipande vya sampuli, kila kimoja kina jina la shule nyuma, limeandikwa kwa kalamu ya peni kwenye plasta. Anachagua koni na kuteremka nayo ngazi zote mpaka barabarani. Taa ya duka inadanganya. Bluu mbili zinazofanana kabisa chini ya tyubulaiti, ukizitoa juani moja inaonesha zambarau ndani yake na nyingine inaelekea kijani, na mwalimu wa zamu hatakosa kuliona hilo watoto wakisimama mstarini. Nilimsindikiza chini mara ya kwanza, kisha nikamwachia. Wifi alipanda na kushuka mpaka kijana wa mzee akaanza kumhesabia kwa sauti.

Baada ya rangi ni loti. Kiwanda huchovya uzi kwa mafungu, na kila fungu hutoka na tofauti yake ndogo, ndiyo maana kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya koni, na kwenye lebo ya donge lolote la kufumia, kuna namba ya rangi na kuna namba ya loti. Rangi ileile, loti mbili tofauti, unapata sweta ambalo mikono ni ya mtu mwingine. Wifi hununua uzi wa shule moja wote kwa mkupuo hata pesa ikibana, maana mzee mwenyewe anasema wakija wateja wa Zambia na Kongo wanafagia, na mzigo utakaofuata kutoka China si lazima uje na bluu hiyohiyo.

Halafu anaikagua koni yenyewe. Anaibonyeza pande zote. Anavuta uzi pima moja, anausugua kati ya kidole gumba na cha shahada, macho yako dirishani. Anatafuta vitu viwili. Kwanza mafundo: koni iliyosokotwa ovyo ina viungio ndani, na fundo likifika kwenye mashine kigari kikiwa kinakimbia, sindano inapinda au vitanzi vinaachia upande mzima na kazi ya nusu saa inadondoka mapajani. Pili nta. Uzi wa mashine hupakwa nta kidogo ili uteleze. Ukiwa mkavu, wifi anajua nyumbani itabidi kipande cha mshumaa kikae njiani mwa uzi. Mzee alikuwa anamtazama kwa heshima ambayo mimi sijawahi kutazamwa nayo Kariakoo. Bei ya kilo hakupunguza hata senti. Mwishoni alichukua koni ya mabaki ya njano akaitupia juu ya mzigo, akaandika risiti, na hilo ndilo punguzo lake. Tulilipa tukaacha mzigo hapohapo, tuje kuuchukua jioni. Kuzunguka Kariakoo na koni mgongoni ni kujitangaza kuwa una pesa na huna mikono.

Zamu yangu ikafika. Kwa wauza vifaa vya ushonaji unapita katikati ya zipu, elastiki, bitana na lesi, na madonge ya kufumia yananing'inia mlangoni ndani ya nailoni kama vitunguu vya njiani Ruaha Mbuyuni. Hapo ndipo utaona kuwa wafumaji wa nchi hii ni vizazi viwili ambavyo havisalimiani sana. Mabinti wanataka uzi mnene, laini, wa kumaliza kitu kwa siku mbili: mikoba, vitopu, kofia za ndoo, vidoli vya kujaza pamba. Wanakuja na picha kwenye simu na wanauliza rangi kabla ya salamu. Mama zetu wanakuja kutafuta uzi mwembamba wa pamba, ule unaong'aa, wa vitambaa.

Siku hizi ni mtindo kucheka vitambaa vya makochi. Ni kweli tulizidisha. Sebule zile hakikubaki kitu uchi: kochi lilikuwa na vitatu, redio ilikuwa na chake, runinga, friji, mpaka jagi la maji lilikuwa na kakitambaa kenye shanga pembeni ili kasipeperuke. Mimi sicheki, kwa sababu nimejaribu kulifuma lile ua la nanasi kwa uzi namba 40. Namba za uzi huo zinakwenda kinyume: 10 ni mnene, 20 mwembamba, 40 ndiyo inakaribia wa kushonea, na sindano yake ya ndoano ni ya chuma, nyembamba kiasi kwamba macho yanaanza kuuma kabla ya vidole. Ukikosa tundu moja mduara wa tatu, nanasi la mduara wa kumi na tano linapinda. Kisha kitambaa kikaoshwa, kikachovywa kwenye wanga au maji ya sukari, kikatandazwa juani na pini kila pembe mpaka kisimame chenyewe. Wanawake wengi waliofanya kazi hiyo waliiiga kwa kuangalia cha jirani na kuhesabu. Mbele yangu dukani alikuwepo mama mmoja wa makamo ameleta kipande chake cha zamani kilichoanza kugeuka manjano, anataka uzi wa kukimalizia. Muuzaji, kijana wa kiume, akamwambia siku hizi watu wananunua vilivyofumwa kiwandani. Mama akamjibu, "Mwanangu, sijakuuliza watu wananunua nini."

Uzi ule unang'aa kwa sababu pamba yake imepitishwa kwenye soda kali ya kutengenezea sabuni huku imevutwa. Soda aliianza Mwingereza aitwaye John Mercer katikati ya karne ya 19; kuivuta ili ing'ae kulikuja baadaye, mwishoni mwa karne hiyo. Nyuzinyuzi za pamba huvimba, hunyooka, hushika rangi vizuri na kuwa imara zaidi. Lebo nilizozigeuza siku hiyo zilisema India, Uturuki, China. Hapa ndipo huwa naudhika kidogo. Pamba tunayo. Simiyu na Shinyanga wanailima kwa wingi, na sisi wa Morogoro tuna Ilonga kule Kilosa, kituo kilichokuwa kikitafiti mbegu za pamba tangu enzi za mkoloni. Lakini sehemu kubwa ya pamba hiyo ikishachambuliwa mbegu inafungwa marobota na kupelekwa nje, na inarudi kwetu ikiwa donge la gramu 50 lenye picha ya mtoto wa kizungu. Urafiki, kiwanda kilichojengwa kwa ushirikiano na China miaka ya 1960 pale Barabara ya Morogoro, kilisokota uzi, kikafuma na kuchapa khanga na vitenge. Kijana wa leo ukimwambia Urafiki anajua ni kituo cha mwendokasi.

Nilinunua uzi mwembamba kidogo, kisha muuzaji wa duka jingine akanivuta kwa madonge mazuri ya rangi ya maziwa. "Hii mama ni pamba tupu, asilimia mia." Bei ilikuwa karibu mara mbili ya mengine. Lebo ilikuwa ya maandishi ya Kichina isipokuwa neno moja, la kuvutia kwa Kiingereza. Niliushika ukawa laini mno, unateleza, unalia kidogo ukiuminya. Pamba hailii.

Nikamwomba kipande cha uzi, urefu wa kidole, na kiberiti. Akaniangalia. "Mama, humu ndani kote ni uzi." Alikuwa na haki. Tukatoka mimi na wifi mpaka kwa muuza kahawa wa pembeni, tukanunua kahawa na kashata ili tusionekane wahuni, tukaomba kutumia jiko lake. Jaribio lenyewe ni la sekunde chache na kila mfumaji alijue. Pamba ukiichoma inashika moto haraka, inanuka karatasi inayoungua, na jivu lake ni jepesi, la kijivu, ukiligusa linapotea. Sufu haipendi moto; inajikunja, inajizima yenyewe ukiitoa, inanuka nywele zilizoungua, na inaacha kajivu keusi kanakosagika. Akriliki inayeyuka. Inadondoka, inanuka kemikali, na ikipoa inaacha kapunje keusi kagumu usikoweza kukavunja kwa kucha. Kile kipande changu kiliyeyuka kabla hakijagusa kaa. Muuza kahawa, ambaye alikuwa amefuatilia kesi yote, akasema, "Hiyo plastiki hiyo." Sikurudi kugombana. Akriliki si dhambi. Koni zote za wifi ni akriliki, inafuliwa ovyo na haipauki upesi, na ndiyo inayostahili kupanda miti na watoto wa darasa la tatu. Shida ni kuiuza kwa jina la pamba, na kumvisha mtoto mchanga wa Dar shali ya plastiki mwezi wa Februari.

Maana hilo nalo lipo. Mtoto akizaliwa nchi hii, iwe Makete kwenye ukungu au Temeke kwenye joto la nyuzi 33, atavishwa kofia ya kufuma, soksi na sweta, na bibi atauliza mbona hana shali. Siwezi kuwabadilisha akina bibi, na wateja wangu ni hao. Ninachoweza ni kuchagua uzi: pamba kwa wa Dar, sufu kwa wa Mgeta na Njombe. Mgeta iko juu ya milima yetu ya Uluguru, wanakolima kabichi na njegere, na asubuhi zake hazina utani.

Kwa wauza rasta tulipita kwa haraka. Uzi wao ni mwembamba, laini, na rangi zake ni za nywele: nyeusi, kahawia, damu ya mzee, na wakati mwingine buluu ya binti jasiri. "Wa kusukia au wa kufumia?" dada akauliza, maana wafumaji wamekwisha kumgundua. Nilichukua mweusi na kahawia kwa ajili ya nywele za vidoli. Ni rahisi kuliko wa kufumia na haufumuki kirahisi. Zaidi ya hapo sina la kusema juu yake.

Tulikula wali maharage tukiwa tumesimama, kisha tukashika Barabara ya Uhuru kuelekea Ilala. Wifi alilalamika njia nzima kwamba sisi tumekuja kununua uzi na mimi nampeleka kwenye mitumba.

Soko la Karume, pale karibu na uwanja wa mpira, liliungua Januari 2022 na likainuka tena, na kwa nguo za mitumba ni bahari. Watu wanakwenda kwa ajili ya jinzi, viatu, magauni. Masweta yanarundikwa pembeni, mara nyingi chini kwenye turubai, kwa sababu rahisi kuliko zote: nani Dar anavaa sweta? Wanunuzi wa kweli ni wafanyabiashara wa Njombe, Mbeya, Lushoto na Arusha, na hao wanachagua mazuri, mapya, yenye mtindo. Yanayobaki ni masweta ya wazee wa Ulaya: makubwa, ya kijivu, ya kahawia, yametoboka kiwikoni, yamepoteza kifungo. Hayo ndiyo yangu. Sufu halisi Dar hutaiona ikiuzwa kama donge mara nyingi, na ukiiona bei yake inakufanya uirudishe taratibu mahali ilipokuwa. Ikiwa bado ni sweta inauzwa kwa bei ya sahani ya chipsi.

Nachuchumaa kwenye turubai na kazi inaanza. Kwanza lebo ya ndani, ubavuni au shingoni. Mitumba inatoka nchi nyingi, kwa hiyo natafuta wool, lana, laine, Wolle, ull. Zote ni sufu. Ile alama ya Woolmark, kidonge cha mistari iliyosokotana iliyoanza kutumika mwaka 1964, nikiiona moyo unatulia. Asilimia 100 ni bora, 80 inakubalika, 30 na iliyobaki akriliki naacha. Kama lebo imekatwa naangalia kwa mkono: sufu ina uzito, ukiikunja kwenye ngumi na kuiachia inarudi.

Pili, nageuza ndani nje na kusoma mishono. Hili ndilo linaloamua kila kitu, na ndilo wageni wasilolijua. Kuna masweta yaliyofumwa kila kipande kwa umbo lake, mkono kama mkono, kifua kama kifua, kisha vikaunganishwa. Ukingo wake ndani ni mlolongo wa vitanzi nadhifu, na karibu na kwapa utaona alama ndogo ndogo mahali walipopunguza. Hilo linafumuka: ukikata uzi wa kuungia, kila kipande kinatoka uzi mmoja mrefu kuanzia juu mpaka chini. Na kuna masweta yaliyokatwa kwa mkasi kutoka kitambaa kikubwa, yakapigwa ovaloki, ule mshono wa mashine unaozungushia ukingo uliokatwa. Yanapendeza vilevile kwa nje. Ukilifumua hilo unapata vipande vya urefu wa kifua chako, mamia, na hasira. Ovaloki ukiiona, weka chini hata kama ni sufu ya mfalme.

Tatu, naangalia kama limegandamana. Sufu ikifuliwa kwa maji ya moto na kuzungushwa, nyuzinyuzi zake zinashikana na haziachani tena. Vuta pembeni kidogo. Vitanzi visipofunguka ukaona mwanga, hilo limekwisha kuwa blanketi. Mwisho, matundu. La kiwikoni halinisumbui, unapoteza mizunguko michache ya mkono. Matundu madogo yaliyotapakaa ni ya nondo, wadudu wanaokula sufu, na kila tundu ni mahali uzi umekatika.

Nilipata la kijivu, la mwanaume mnene, sufu tupu, mshono safi, kiwiko cha kushoto hakipo kabisa.

"Mama, hilo limetoboka," kijana muuzaji akaniambia kwa huruma. "Ngoja nikupe zima."

"Nataka hilohilo. Unaniachia shilingi ngapi?"

"Buku tano."

"Kwa sweta lisilo na mkono?"

"Haya leta tatu. La kuvaa nani lakini?"

Nikamwambia naenda kulifumua. Akaita mwenzake. "Njoo umsikie mama huyu, ananunua nguo akaiharibu." Wifi akanifinya ubavuni kwa nguvu. Kwa wifi, kumweleza muuzaji unachokwenda kufanya na bidhaa ni kumpandishia bei ya safari ijayo kwa mdomo wako mwenyewe. Na sasa nimeandika hadharani, basi tena. Nilichukua pia la krimu lenye mfumo wa kamba zilizosokotana kifuani na la kijani kibichi la mwanamke. Wifi, ambaye hakutaka kuja, alichuchumaa akakaa kimya muda mrefu, na nilipogeuka alikuwa amegeuza sweta ndani nje anahesabu vitanzi vya ukingo. "Hili limefumwa kwa mashine kama yangu," akasema, "ila mtu huyu alijua kupunguza kwapa." Akalinunua ili akalione vizuri nyumbani. Sidhani kama atalifumua.

Jioni tulirudi Kariakoo kuchukua koni, tukawa na mizigo isiyo mizito bali mikubwa, na kwenye behewa kila aliyepita aliuliza tunauza nini. Bibi mmoja aliyekuwa anashuka Ruvu aliniomba nimwoneshe uzi wa krimu. Nikamwonesha sweta. Akacheka, akasema kwao enzi za shida za miaka ya 80 walifumua sana masweta, na akanielekeza jambo ambalo nilikuwa silifanyi: uzi uliofumuliwa usiuzungushe kuwa donge siku hiyohiyo, maana unabaki na mawimbi yake na kila utakachofuma kitakuwa na mawimbi.

Kwa hiyo la kijani nimelifanya kwa njia yake. Nilikata mishono kwa wembe, nikaanzia juu mabegani, maana sweta hufumwa kutoka chini kwenda juu na hufumuka kwa kurudi. Uzi nikauzungushia kwenye mgongo wa kiti cha kulia chakula, siyo mkononi. Kila fungu nikalifunga legelege sehemu nne kwa kipande cha pamba lisijivuruge, nikaliloweka kwenye maji ya uvuguvugu na shampuu kidogo bila kulisugua, nikalisuuza kwa maji ya joto lilelile, nikalitundika uani kivulini na chupa ya maji imening'inizwa chini yake. Asubuhi uzi ulikuwa umenyooka. Sweta kubwa la mwanaume la sufu linaweza kukaribia nusu kilo, na seti ya kofia na soksi za mtoto haimalizi gramu 100 hata ukiwa mkarimu, kwa hiyo lile la kijivu la buku tatu ni kofia nyingi za Mgeta. Uzi wake ni mwembamba, naushika mara mbili.

La krimu bado lipo kwenye kiti. Mume wangu amelijaribu akaona linamtosha, mikono yote ipo, na sasa tuna mgogoro. Wakati huohuo yule kijana wa Karume, ambaye alichukua namba yangu akidai ni kwa ajili ya kunicheka vizuri, ametuma picha: amefungua belo jipya, masweta matupu, makubwa. Chini yake ameandika kwamba yenye matundu ameniwekea pembeni, bei ni buku tano. Wifi ameusoma ujumbe huo mara mbili, akanirudishia simu bila neno, akaenda kuangalia ratiba ya treni.